Maji Yaliyokuja Bila Mvua

Asubuhi ile jua lilikuwa kali. Msusi alikaa nje ya saluni yake, kichwa cha mteja kikiwa katikati ya magoti yake. Vidole vyake vilikwenda mbio. Mdogo wake alikaa pembeni, akichambua nywele za bandia na kuzungumza bila kupumzika. Mtaani walimwita Chapchap. Alitembea haraka, alikula haraka, na alicheka kabla kichekesho hakijaisha.

"Dada, nipe mimi kichwa hicho. Nitakimaliza kabla ya saa sita."

"Ukikimaliza wewe, mwenyewe atakwenda kusukwa upya kwingine."

"Msinigombanie jamani," mteja alisema. "Kichwa ninacho kimoja tu."

Mume wa Msusi alipita akiwa na msumeno mkononi. Alikuwa seremala, lakini watu walimwita Spika, kwa sababu hakuna mjadala mtaani uliokwisha bila yeye kusema neno la mwisho.

"Shemeji, leo utafanya kazi au utahutubia?" Chapchap alimtania.

"Vyote viwili, shemeji. Mdomo haukai mkononi."

Nyuma ya nyumba za mtaa ule kulikuwa na korongo. Lilitoka mbali, kule vilimani. Siku nyingi lilikuwa kavu. Watu walipita humo kwenda sokoni, na watoto walicheza mpira humo. Mvua zilipoanza, maji ya kwanza yalishuka na magogo, mbao na madumu. Basi watu wa mtaa walikuwa na desturi yao. Maji yakija, wanashuka kuopoa. Kila nyumba ilikuwa na mti mrefu wenye kulabu, umeegeshwa nyuma ya mlango.

Siku ile, kule vilimani, wingu lilikuwa jeusi. Hapa mtaani hapakuwa na tone. Nani atazame vilimani jua likimchoma utosini?

"Maji! Maji yamekuja!" mtu alipiga kelele.

Mtaa ukafurahi. Ndiyo, ukafurahi! Watu walitoka na kulabu zao, wakicheka na kusukumana. Chapchap aliziacha nywele juu ya kiti.

"Narudi sasa hivi, dada!"

Kutoka saluni, Msusi aliliona korongo vizuri. Maji yalikuwa ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu. Mume wake alikuwa karibu na ukingo. Alikuwa amenasa ubao mnene, wa kutosha kutengeneza kitanda, lakini ncha ya pili ilikwama kwenye mawe.

"Chapchap!" aliita kwa sauti yake ile kubwa. "Njoo ushike huku! Upesi!"

Chapchap aliingia katikati, akaushika.

Ndipo ulipokuja mngurumo, kama lori linalomwaga mawe. Msusi aliinua macho. Maji ya kahawia yalitokea kwenye kona ya korongo, marefu kuliko mtu, yamebeba miti mizima pamoja na mizizi yake. Spika alirukia ukingoni, akashika mzizi. Watu walipiga mayowe. Kisha palipokuwa na watu pakawa na maji matupu.

Msusi alikuwa bado ameshika kitana. Jua liliendelea kuwaka. Hakuna hata tone lililokuwa limeanguka.

Wiki ile mtaa ulizika watu wengi. Chapchap alipatikana mbali sana, chini ya daraja. Waombolezaji walimpa Msusi mkono, naye hakulia. Aliwatazama tu, kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Amesema anarudi sasa hivi," aliwaambia.

Kabla udongo wa makaburi haujakauka, lawama zikaanza. Kule vilimani kulikuwa na king'ora kilichowekwa ili kulia maji yakipanda. Siku ile hakikulia. Kwa nini? Diwani alisema redioni kwamba king'ora ni cha ofisi ya maji. Ofisi ya maji ikajibu kwamba ni cha halmashauri. Diwani akaongeza kwamba wananchi nao ni wakaidi, wanafuata mbao badala ya kulinda roho zao. Mpinzani wake, yule aliyeshindwa kwenye uchaguzi, akasema pesa za king'ora zimeliwa, na walioliwa sasa ni wananchi. Kwenye simu watu walitukanana hadi chaji zikaisha.

Spika ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Karakana yake ilijaa watu, lakini hakuna aliyeleta kazi. Alilala na siasa, akaamka na siasa.

"Diwani ndiye aliyemuua shemeji yangu!" alisema kila siku.

Msusi alimsikiliza. Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyoita korongoni. Alijua kwamba mume wake anapiga kelele ili asiisikie mwenyewe. Akaendelea kusuka.

Lakini asubuhi moja alimwona jirani yao, fundi viatu, akinoa kulabu mpya.

"Ya nini hiyo?" Msusi aliuliza.

"Si mvua zinarudi, mama? Ile ya zamani ilikwenda na maji."

"Utashuka tena? Baada ya yote yale?"

"Ile ilikuwa bahati mbaya tu. Tukimwondoa diwani, king'ora kitalia."

Msusi alirudi nyumbani haraka. Nyuma ya mlango wake mwenyewe alikuta mti mpya wenye kulabu. Mama yake mzazi, aliyeishi nao, alikuwa akifagia karibu na mti ule, wala hakuushangaa.

"Mama, hawa watakufa wote," Msusi alisema. "Na sisi tupo tunagombana!"

Mkutano wa hadhara ulipoitishwa kuhusu maafa yale, uwanja wa shule ulifurika. Diwani alisema. Mpinzani akamkatiza. Spika akawakatiza wote wawili. Afande wa zimamoto, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alipewa kipaza sauti mwisho kabisa.

"Ndugu wananchi, naomba niwaeleze kuhusu maji..."

"Huyo katumwa na diwani!" walimzomea. "Kaa chini!"

Msusi akasimama.

"Mimi ni dada yake Chapchap," alisema.

Uwanja ukatulia.

"Sikusimama kumtetea mtu. Aliyekosa na aulizwe. Lakini nina swali, na jibu nalitaka leo. Maji yakija jioni hii, mimi na mama yangu tukimbilie wapi?"

Diwani alikohoa. "Mama, suala hilo serikali inalishughulikia kwa..."

"Sijauliza nani anashughulikia, mheshimiwa. Nimeuliza wapi."

Diwani alimtazama mpinzani. Mpinzani alitazama viatu vyake. Spika alifungua mdomo, akaufunga. Watu wakatazamana kwa mshtuko. Siku zote hizo walikuwa wamesema mpaka sauti zikakauka, na hakuna hata mmoja aliyejua.

"Afande," Msusi alisema, "tafadhali, sema sasa."

Afande akasogea mbele.

"Mvua inanyesha vilimani, ninyi huku mnaanika nguo," alisema. "Maji hayasubiri mvua ifike kwenu. Yanashuka yenyewe. Kwanza yanakuja kidogo, na vijiti na mbao. Ninyi mnayaita riziki. Sisi tunayaita onyo. Makubwa yako nyuma yake."

"Tutajuaje?" fundi viatu aliuliza.

"Mkiona wingu zito vilimani, tokeni korongoni hata kama hapa kuna jua. Mkiona maji yanaongezeka, au yanageuka rangi, au mkisikia mngurumo, msishuke kutazama. Pandeni mara moja. Na msijaribu kuvuka. Maji ya magotini yakienda kwa kasi yanamwangusha mtu mzima. Pikipiki yanaibeba. Gari nalo yanalibeba."

"Na tupande wapi?"

"Hapa mliposimama. Shule hii iko juu. Ni mwendo mfupi tu."

"Na vyombo vyetu, afande?"

"Vyombo viacheni. Mshike mtoto, mshike mzee, mje."

Spika aliinua mkono kama mwanafunzi. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wa nyuma hawakumsikia.

"Afande, mimi ndiye niliyemwita. Chapchap. Nilimwita ashike ubao."

Hakuna aliyezomea. Mkewe alimsogelea, akamshika mkono mbele ya mtaa mzima.

"Wote tulikuwa tukiitana, mume wangu," alisema. "Tusiitane tena."

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo viongozi tuwasamehe tu?"

"Hapana, mzee," Afande alijibu. "Kumuuliza kiongozi ni haki yenu. Ila muulizeni swali asiloweza kulikimbia. King'ora nani atakitengeneza? Lini? Asipotengeneza, tumwone nani? Matusi yanampa nafasi ya kukasirika na kuondoka. Swali kama hilo linambakisha hapa."

Basi wakamuuliza diwani hivyo hivyo. Alitokwa jasho, lakini alitaja siku mbele ya watu wote. Wananchi wakawachagua Msusi na mpinzani wa diwani wafuatane naye hadi ofisi ya maji, ili pasiwe na wa kusingiziana njiani. Huko wakakuta jambo la kuumiza. Betri ya king'ora ilikuwa imekufa zamani. Ofisi hii ilidhani ile inakagua, na ile ilidhani hii. Habari za pesa zikaachiwa wakaguzi, na mtaa ukaomba majibu yasomwe hadharani. Betri mpya ikafungwa. Kazi ya kukagua king'ora wakapewa watu wenye majina yanayojulikana, na mtaa ukaambiwa ni akina nani.

Mtaa nao haukukaa kusubiri. Muuza maziwa wa kule vilimani alikubali kumpigia Spika simu akiona maji yanapanda. Spika akanunua filimbi. Kulabu zote ziling'olewa, na kwa miti yake Spika akatengeneza vishikio kwenye njia ya kupanda shuleni, ili wazee wasiteleze. Kisha wakafanya zoezi. Bibi mmoja alifika juu na godoro kichwani.

"Bibi, nilisema vyombo viacheni," Afande alilalamika.

"Afande, hujui bei ya hili!"

Watu walicheka sana. Kwenye zoezi la pili bibi alikuja mikono mitupu.

Haukupita muda mrefu. Siku moja, jua likiwaka, simu ya Spika ililia. Kisha king'ora kikalia kule juu. Spika akapuliza filimbi mtaa mzima.

"Pandeni! Pandeni!" aliita kwa sauti yake ile kubwa.

Msusi aliacha kichwa kikiwa nusu, akamwinua mteja, akamshika mama yake mkono. Walipanda bila kukimbia. Kutoka uwanja wa shule waliyaona maji ya kwanza, madogo, yakishuka na mbao nzuri zilizonyooka.

"Hizo zingetosha mlango," fundi viatu alisema taratibu. Hakusogea hata hatua.

Kisha mngurumo ukaja. Maji yalijaza korongo, yakabomoa karakana ya Spika, yakachukua viti vya saluni. Watu walishika vinywa. Spika aliita nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba iliitika. Hakukosekana mtu. Watoto walikuwa wakilia njaa. Bibi wa godoro alikuwa akilalamikia jua.

Msusi aliwatazama wote. Akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Tangu msiba hakuwa amelia hata siku moja.

Mama yake alipiga magoti kando yake. "Mwanangu, mbona unalia? Si tumepona wote?"

"Tumepona, mama. Tumepanda tu hapa. Tumetembea tu. Kumbe hivi tu vingetosha siku ile?"

Mama yake alimkumbatia, na kule chini maji yaliendelea kupita.