Gazeti Lililolowa

Kila asubuhi Chiriku alikuwa na kazi yake bandani. Shangazi yake alifundisha watu kuendesha kayaki, mitumbwi myembamba ya kasia, na kila kayaki ina chumba kimoja mbele na kingine nyuma. Vyumba hivyo vikiwa vikavu, chombo kinaelea. Vikijaa maji, kinazama. Chiriku alifungua vifuniko na kutoa vipande vya gazeti alivyoweka humo jana yake kabla ya vyombo kushushwa majini. Chombo ambacho gazeti lake limelowa hakiingii baharini.

Jumamosi hiyo, gazeti la chumba cha nyuma cha kayaki yake lilitoka limelowa chapachapa. Chiriku akaangalia kulia na kushoto. Safari ya kisiwani ameisubiri mwezi mzima, leo aachwe bandani? Alilisokomeza gazeti mfukoni, akaweka jingine kavu.

"Vipi, zote salama?" aliuliza shangazi.

"Zote kavu, shangazi."

Waliondoka watatu, pamoja na binamu yake. Katikati ya safari upepo ulianza kuvuma, na kayaki ya Chiriku ikawa nzito nyuma, haigeuki wala haisogei. Alijua maji yanaingia. Alijua pia kwamba akisema, uongo wake utafichuka. Basi akanyamaza, yeye aliyepewa jina la ndege kwa kuongea kutwa.

"Chiriku, mbona huna neno leo?" aliuliza shangazi. "Umemeza ulimi?"

Wimbi likapita juu ya kifuniko cha nyuma. Kayaki ikayumba, nusura impindue. Chiriku aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kukemewa.

"Shangazi, chumba cha nyuma kimejaa. Gazeti lilitoka limelowa asubuhi. Nilikudanganya."

Shangazi hakugomba. "Shika kayaki ya binamu yako kwa mikono miwili. Inama mbele kabisa, nyuma inyanyuke. Nawe," alimwambia binamu, "usimwachie hata kidogo."

Shangazi aligeuza kayaki yake, akaisogeza ubavuni mwa Chiriku mpaka mikono yake ikafika kwenye kifuniko. Akakifungua na kuvuta maji kwa bomba la mkono. Kila wimbi lilipokuja alifunika mdomo wa chumba kwa kifua chake. Mikono ya Chiriku ilikufa ganzi, lakini hakuachia. Maji yalipopungua, shangazi alitandaza mfuko wa plastiki mdomoni mwa chumba, akabana kifuniko juu yake.

"Tunarudi," alisema.

Ufukweni, Chiriku alitoa lile gazeti mfukoni, akalikabidhi huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, shangazi."

Shangazi alipapasa mpira wa kifuniko, akamwonyesha ufa mwembamba kama unywele.

"Ufa huu ningeuziba kwa dakika kumi, na sasa hivi ungekuwa kisiwani," alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi ulinidanganya nikakubali, mwanangu. Bahari haikukubali."

Kisha akamkatia kipande kikavu cha gazeti. "Kesho asubuhi utaniambia limetokaje."

"Nitakwambia," alisema Chiriku, akaanza kukikausha chumba cha nyuma.