Huyu Mlaini na Yule wa Misheni

Siku sukari ilipoingia Sumbawanga, hakuna aliyebaki nyumbani ila wagonjwa na wenye sukari yao. Ilikuwa Juni, mwaka 1976, upepo wa Ufipa unakata masikio, na foleni ya duka la Mzee Halfani ilikuwa imetoka mlangoni, ikampita fundi baiskeli, ikakunja kona. Katikati ya foleni alisimama Mwalimu Bertilla: gauni la bluu lenye maua meupe, sweta ya kahawia, na kilemba cha kitenge kilichofungwa kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Na kweli alitazamwa. Nyuma yake alikuwepo Lutengano, kijana wa Tukuyu, bwana samaki mpya wa wilaya, aliyeletwa kufundisha vijiji vya ujamaa kuchimba mabwawa ya samaki. Alivaa suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi lote la barabara, na begani alibeba fimbo ndefu nyembamba ya kuvulia. Mwishoni mwa mshipi wake palining'inia ndoano iliyofungwa manyoya ya kuku, ikafanana na inzi. Mtu akimtazama msichana vile, fimbo yake haijui inaelekea wapi. Alipogeuka kumsalimu fundi baiskeli, inzi yule akanasa kwenye kilemba.

"We ndugu! Unanivua?"

"Samahani, dada. Usitikisike. Huyu ana tabia mbaya."

"Huyu nani?"

"Huyu fimbo."

Foleni nzima ikacheka. Bertilla hakucheka. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka minne, mchana watoto, jioni watu wazima wa Kizwite, na sikio lake liliumia kuliko kichwa.

"Fimbo *hii*," alisema. "Huyu ni mtu. Umesomea wapi wewe?"

"Tukuyu, dada."

"Tukuyu wanafundisha vizuri sana. Wewe ndiye uliyekuwa mtoro."

"Basi niandikishe darasa lako la jioni."

"Wazee wangu wanajifunza a, e, i, o, u."

"Hata mimi nimesahau u."

Hapo ndipo Bertilla alipocheka, na alipocheka kichwa kikatikisika, ndoano ikazama zaidi. Hadi wanaitoa, sukari ilikuwa imekwisha. Waliondoka bila hata nusu kilo, na hakuna aliyesikitika.

Lutengano alikwenda kweli darasani. Mtu mzima mwenye cheti cha serikali alikaa benchi la nyuma, magoti yamegusa kidevu, kati ya akina mama wa Kizwite. Bertilla akamfukuza mbele ya watu, akamkuta nje akimsubiri ambebee madaftari. Jumapili zikafuata. Bertilla akitoka misa na Lutengano akitoka kwa Wamoraviani wenzake, walikutana njiani na kwenda kwenye kijito nje ya mji, majani mafupi pande zote, maji baridi kama yametoka kwenye mtungi.

"Kirando kule ziwani wanavua kwa nyavu, wanajaza mitumbwi," Bertilla alimtania. "Wewe unatoka na kijiti, unarudi na kisamaki kimoja."

"Kimoja, lakini nimekitongoza mwenyewe."

"Hebu lete nijaribu."

Akajaribu. Mshipi ukamrudia usoni, ukamzunguka shingo, mara ya tano ukamvua sweta. Mkono ukaanza kuuma.

"Fimbo yako haina huruma kabisa, Bwana Samaki."

"Ina ugumu, kipenzi. Si kosa lako."

Umesikia? *Ina.* Miezi mitatu ya mapenzi ilikuwa imemnyoosha. Fimbo ikawa hii, kiti kikawa hiki, na 'huyu' likabaki neno la watu peke yao. Bertilla alijivunia jambo hilo kuliko mshahara wake. Kumbe alikuwa anajichimbia shimo mwenyewe.

Siku moja ya Septemba, Padri Adolfu wa misheni, mzungu mzee aliyekuwa akirudi kwao, alimwita Lutengano na kumpa fimbo zake mbili za mwanzi za kuvulia, moja aondoke nayo, nyingine aifuate kesho yake. Lutengano alirudi mjini akikimbia, akaingia kwa Mzee Halfani, mwenye duka na simu ya kuzungusha nyuma ya pazia, akaomba Mbeya. Huko alikuwepo Mzee Anyitike, mhudumu wa ofisi ya samaki, aliyemfundisha kuvua kwenye mito ya Rungwe. Na mzee huyo fimbo kwake ni mtu. Hupewa jina, husalimiwa asubuhi, na ole wake anayeiita kitu. Kwa heshima yake, Lutengano akarudia lugha ya zamani.

Wakati huohuo Bertilla aliingia dukani kununua mafuta ya taa. Akaisikia sauti ya mpenzi wake nyuma ya pazia, akatabasamu, akakaribia amshtue.

"Ninao wawili, Mzee," sauti ilisema kwa kupiga kelele, maana laini ilikuwa mbovu. "Huyu mmoja mfupi, mlaini mno! Ukimgusa tu anapinda mpaka kiunoni! Ndiyo, mzuri wa kujifunzia! Lakini upepo wa huku hauwezi! Yule wa misheni... yule mrefu... ah, mkakamavu, anainamisha kichwa tu, kisha anarudi wima! Huyo ndiye wangu! Eeh, nimeamua! Huyu mlaini nitampa mtu!"

Kila neno lilikuwa la fimbo. Na 'mtu' wa kupewa hiyo laini alikuwa Bertilla, ili mkono wake usiume tena. Lakini Bertilla aliyajua yote hayo? Alichojua ni kwamba kijana huyu amefundishwa, na yeye mwenyewe ndiye mwalimu, kwamba *huyu* ni mtu. Na misheni alikuwepo Silvana, mwalimu wa ushonaji, mrefu, anayetembea wima kama mlingoti. Bertilla ni mfupi. Aliacha chupa ya mafuta juu ya kaunta akatoka.

Wiki ile Lutengano alikwenda kwake mara nne, mara nne akaambiwa Mwalimu amelala, hata saa tisa alasiri. Akaandika barua kurasa tatu, *mpenzi wangu, pumzi yangu, nimekukosea nini.* Ikarudi imesahihishwa kwa wino mwekundu. Chini pameandikwa: *Sarufi: kumi juu ya kumi. Ukweli: sifuri. Kampe huyo mrefu.*

Aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Mrefu yupi?

Jumamosi asubuhi Shida, binti wa Mzee Halfani, alimkuta sokoni akinunua mahindi asiyoyahitaji.

"Kaka Lutengano, wewe umesimama hapa? Mwalimu Bertilla anaondoka na Hamidi, dereva wa lori la baba. Anakwenda Kasesya, mpakani, kwa dada yake. Amesema shule ya kule inataka mwalimu, na akipata nafasi hatarudi."

"Kwa nini?"

"Ati unaye mwingine, yuko misheni. Amekusikia mwenyewe kwenye simu yetu, ukimwita yeye mlaini wa kujifunzia."

Lutengano aliyaangusha mahindi chini. Kisha akapiga ukelele ulioshtua kuku, akakimbia chumbani kwake, akatoka na fimbo zote mbili.

Lori lilikuwa mbele ya duka, limejaa chumvi ya maduka ya vijijini. Bertilla alikuwa amekaa kwa dereva, kilemba cheusi, macho mbele.

"Bertilla, mpenzi, shuka nikueleze."

"Kamweleze Silvana."

"Silvana gani? Mlaini ni huyu hapa!" Akainua fimbo fupi. "Na yule wa misheni ni huyu!"

"Usinifanye mjinga. Fimbo ni *hii.* Nimekufundisha mwenyewe, na umefaulu. Mbona husemi 'huyu' siku zote, ila siku ile?"

Tangu alfajiri Mzee Halfani alikuwa ameomba simu ya Mbeya kwa habari ya mzigo wa sabuni. Hapo ndipo kengele ilipolia. Akatazama simu, akamtazama Lutengano aliyetaka kulia mbele za watu.

"Mwambie opereta akuunganishe na huyo mzee wako wa siku ile," alisema. "Sabuni itasubiri. Na wewe mwanangu Bertilla, shuka. Hamidi haondoki bila ruhusa yangu."

Bertilla akashuka, kwa heshima ya mzee tu, akapewa mkono wa simu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!" ilinguruma sauti kutoka Mbeya. "Nani mwenzangu?"

"Bertilla, wa Sumbawanga."

"Aa, mwalimu! Huyu mlaini hajambo? Hajavunjika ncha?"

"Mlaini... nani, baba?"

"Fimbo! Huyo mfupi! Nilimwambia kijana: mgumu ni wa mtu aliyezoea, anatupa mbali, anapasua upepo, lakini ukikosea kidogo anakuumbua. Mlaini anapinda pole mpaka mkononi, anakungoja, anakuambia sasa. Kwa kijito chembamba na mkono mgeni, ndiye. Nikamuuliza, mkono wenyewe wa nani? Akasema, wa mtu ninayetaka kuzeeka naye, na nikisema fimbo *huyu* mbele yake atanipiga. Umempiga?"

"Bado, baba," alisema Bertilla. Machozi yalikuwa yanamshuka, na kicheko kikipanda, vikakutana njiani akapaliwa.

Alipotoka nje, nusu ya mji ilikuwa imekusanyika. Alikuwa na aibu, na furaha, na hakujua aanze na ipi.

"Nimekuhukumu bila kukuuliza," alisema. "Nisamehe, Lutengano. Nimelia wiki nzima kwa sababu ya mwanzi."

"Mimi nimenunua madebe mawili ya mahindi."

"Hebu nipe."

Akaishika ile fupi. Lutengano akasimama nyuma yake, akamwongoza kiwiko. Rudisha, ngoja uusikie mshipi ukivuta, peleka. Fimbo ikapinda taratibu mpaka kwenye kiganja chake, mshipi ukanyooka juu ya barabara ukatua mbele ya fundi baiskeli bila kuinua vumbi. Watu wakapiga makofi.

"Imeningoja!" Bertilla alisema kwa mshangao.

"Na mimi nangoja. Bertilla, nataka unioe. Aa! Nataka nikuoe. Unakubali?"

Hata Mzee Halfani alitoka mlangoni kusikia. Bertilla alilitazama lori.

"Hamidi, sanduku langu liko wapi?"

"Chini kabisa, Mwalimu. Chini ya magunia arobaini."

"Basi," alimgeukia Lutengano, "sanduku langu likikanyaga ardhi, nitakujibu."

Lutengano alivua koti, akapanda. Gunia la kwanza, la pili, la tatu. Kufikia la kumi shati limelowa na bugaluu imepasuka mshono wa nyuma, watu wanahesabu kwa sauti, akina mama wa Kizwite wanapiga vigelegele kabla ya wakati. Hamidi akakataa kumsaidia, akisema mahari si yake. Gunia la arobaini liliposhuka, Lutengano alilibeba sanduku kifuani, akashuka nalo, akaliweka miguuni pa Bertilla.

Bertilla akaketi juu ya sanduku, akalala kwa kicheko begani pa Shida, kisha akainuka akamfuta mchumba wake chumvi usoni kwa kile kilemba cheusi.

"Ndiyo," alisema. "Kesho Jumapili uje kwa baba, na uvae suruali nyingine."