Spana Shingoni mwa Mama

Mtu anayeweza kuona mteremko wa shamba kwa macho yake tu, awezaje kusahau koki aliyoifungua mwenyewe? Nilijiuliza swali hilo asubuhi tulipolikuta tangi tupu.

Kwetu ni karibu na Mbumbuni, Makueni. Hapa tunafanya kazi kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu. Leo wanachimba matuta katika shamba lako, kesho wanahamia kwangu. Mwethya wetu una tangi la maji yanayovutwa kutoka kwenye bwawa la mchanga, ukuta mtoni unaohifadhi maji ndani ya mchanga, na mama yangu, Syokau, ndiye aliyekabidhiwa tangi hilo. Koki yake ilikatika mkono zamani, kwa hiyo tunaifungua na kuifunga kwa spana.

Jana yake Mama alikuwa amefungua koki ili mbuzi wanywe maji. Kabla hori halijajaa, mbuzi mmoja akaingia kwenye shamba la ndengu, yaani choroko. Mama akamfukuza. Huko shambani akaona tuta limebomoka. Akachukua jembe, akalitengeneza mpaka jua likazama, wala hakukumbuka kula. Tuta lilikuwa zuri ajabu. Maji nayo yalikuwa yamemwagika yote.

Asubuhi hiyo wanawake walifika na punda wao, wakageuka na mitungi mitupu. Kavindu, mwenyekiti wa mwethya, aligonga tangi kwa kiganja akasikiliza mlio wake.

"Mama Mumbua," alimwambia, akimwita Mama kwa jina langu, "tangi hili linalia kama ngoma ya kanisani. Umetuletea kwaya?"

Wengine walicheka. Mama aliomba radhi huku akitazama chini.

Hilo halikuwa jambo la kwanza. Sufuria ya isyo, chakula chetu cha mahindi na maharagwe, iliungua mara nyingi. Nguo zililowekwa zikasahaulika mpaka zikanuka. Katikati ya ibada Mama alikuwa akikumbuka jambo lingine, akainuka akatoka. Baba yangu, Mutiso, aliamini kwamba mkewe hupuuza kwa makusudi. Majirani walisema ni uvivu, ingawa walimwona akichimba kuliko wanaume. Mama mwenyewe alijiita mjinga, na neno hilo lilinichoma kuliko yote.

Kavindu alitangaza kwamba mwethya ungekaa mwisho wa mwezi, kabla ya mvua, kuamua kama Mama angetolewa. Tulielewa maana yake. Bila mwethya, matuta ya shamba letu la chini yasingekwisha kwa wakati, na mvua ingeubeba udongo mpaka mtoni. Isitoshe, mwanamke aliyetolewa mwethya husemwa hadi sokoni.

Wiki hiyo alipita Nduku, jirani yetu ambaye pia ni mhudumu wa afya ya jamii. Hutembelea kila nyumba kuulizia afya za watu. Alimsikiliza Mama bila kumkatiza, kisha akauliza mambo hayo yalianza lini. Mama hakujua. Tukampigia simu mama yake, anayeishi Tulia, upande wa Kitui. Tulimwita Susu, yaani nyanya.

"Syokau?" Susu alicheka simuni. "Huyo nilimtuma maji, akarudi na kuni. Nikimuuliza mtungi uko wapi, ananiuliza mtungi gani. Walimu walimchapa mpaka wakachoka wao."

Nduku hakucheka. Alisema kwamba yeye si daktari, na hawezi kulipatia tatizo hilo jina. Hata hivyo, mambo yaliyoanza utotoni, yakaendelea nyumbani, kanisani na kazini, yanastahili kuchunguzwa hospitalini.

"Hospitali kwa sababu ya kusahau?" Baba aliuliza. "Basi mimi niliyesahau mbuzi wangapi nimeuza nilazwe kabisa."

"Twende wote, Baba Mumbua," Nduku akamjibu. "Watakupatia kitanda karibu na dirisha."

Baba alitabasamu bila kupenda, akaenda nao.

Katika hospitali kubwa ya kaunti, daktari wa afya ya akili aliwauliza maswali mengi, akazungumza pia na Susu kwa simu. Aliulizia usingizi wa Mama, huzuni na wasiwasi. Aliagiza damu ipimwe, kwa maana upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo pia huweza kumfanya mtu achoke na kusahau. Baada ya kuyapima yote, aliwaeleza kwamba Mama ana ADHD. Ni hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kuongoza umakini wake, kupanga mambo na kutulia. Huanza utotoni, na mara nyingi hupatikana katika ukoo. Haisababishwi na uvivu, laana wala malezi mabaya. Watoto wengi hutambuliwa shuleni, lakini wengine, hasa wasichana, hukua bila mtu kujua.

Baba aliuliza swali lililokuwa langu pia. "Daktari, mbona akishika jembe hasahau? Anaweza kuchimba siku nzima."

"Umakini anao," daktari alijibu. "Shida yake ni kuuongoza. Kazi anayoipenda huuvuta wote, ile nyingine ikabaki bila kitu. Ukimgombeza, humpi umakini. Unamwongezea aibu tu."

Walipofika nyumbani Baba aliingia jikoni mwenyewe, akapakua chakula, akampa Mama sahani ya kwanza.

Daktari alikuwa amesema kwamba zipo dawa zinazowasaidia wengi, lakini hutolewa na kufuatiliwa na daktari, na hazigawanwi na jirani. Mama aliamua kuanza na mbinu za kila siku, kisha arudi kliniki wapime kama dawa zitahitajika.

Nyumba yetu ilibadilika. Simu ya Mama iliwekwa kengele ya kumkumbusha isyo, naye hakuizima mpaka awe amesimama mbele ya sufuria. Panga, jembe na funguo vilipewa mahali pamoja. Tuliacha kumtuma mambo matatu kwa mpigo. Tulimwambia moja, likiisha, jingine. Kazi ndefu aliigawa vipande na kupumzika kati. Zile zilizomchosha, kama kuchambua ndengu, tulikaa naye tukazifanya pamoja.

Mbinu ya koki aliibuni mwenyewe. Alichana ukanda wa leso kuukuu, akaufunga kwenye spana. Akifungua koki, anaivaa spana shingoni, na haivui mpaka aifunge koki. Ilikuwa nzito. Kila alipoinama ilimgonga kifuani.

Kavindu alikubali amwachie tangi hadi siku ya mkutano, ila alipita kila mara kukagua. Siku moja alimkuta Mama akikata majani huku spana ikining'inia shingoni.

"Umeanza ufundi wa magari?" alimtania.

"Ukiona nimeivaa, niulize maji yanaenda wapi," Mama akajibu. Papo hapo akashtuka, akakimbia kufunga koki. Kavindu alicheka mpaka akashika kiuno, lakini hori lilikuwa limejaa bila kufurika.

Tangi halikukauka tena mwezi huo. Nilimtazama mama yangu akipita na spana yake mbele ya watu waliomcheka, kichwa juu, nikaona fahari ambayo sina neno la kuitosha.

Siku ya mkutano, Kavindu alisema wazi kwamba hakuna sababu ya kumtoa Syokau. Alipendekeza aendelee na tangi. Watu wakapiga makofi. Mama aliomba nafasi ya kuzungumza, akasimama katikati ya majirani zake wote.

"Nashukuru," alisema. "Kichwa changu kina hali inayoitwa ADHD. Nilizaliwa nayo, na nina daktari wangu. Mwenye mtoto kama nilivyokuwa mimi asimpige. Aje, nitampeleka kwa Nduku. Tangi nimeliweza, mmeona. Lakini sasa najijua, na nimeamua. Tangi nalikabidhi kwa Kavindu leo. Mimi nitapima matuta ya kila shamba la mwethya huu, maana hapo hakuna anayenishinda. Mutiso atanishikia upande wa pili wa kamba ya kupimia. Tunaanza kesho asubuhi."