Askari wa Bure

Kila siku baada ya uji wa saa nne, wanafunzi wa darasa la sita walimzunguka Adamu na ubao wake wa sataranji. Baba yake, muuza mitumba wa Dongobesh, aliukuta ndani ya belo la nguo. Kwa kuwa ubao ulikuwa wa Adamu, sheria nazo zilikuwa zake: kete nyeupe ni zake, na ukishindwa unampa shikamoo mbele ya watu.

Fabiola alimzidi Adamu umri kwa mwaka mzima. Hata hivyo, kwa wiki tatu alimwamkia kila siku.

"Marahaba, mtoto," Adamu alijibu. "Kesho uje na akili."

Wenzao walicheka mpaka wakashika mbavu. Fabiola alitamani ardhi immeze.

Na kosa lilikuwa lile lile, jamani. Adamu alisogeza askari wa malkia hatua mbili, na Fabiola naye vivyo hivyo. Kisha Adamu aliweka askari mwingine aliwe, na Fabiola akamla. Kwao Maretadu, mbuzi wa watu akiingia shambani hushikiliwa mpaka mwenyewe aje. Basi naye aling'ang'ania faida ile, akahamisha askari wa pembeni kuilinda. Njia ikabaki wazi, malkia wa Adamu akapita na kula ngome iliyokuwa kwenye kona.

"Huyo wa bure mwache," Mwalimu Imakulata alimwambia Fabiola siku moja, akimwonyesha kete. "Sogeza huyu mdogo hatua moja, asimame mshazari nyuma ya mwenzake. Kwa nini?"

Fabiola alifikiri. "Wa mbele akiliwa, wa nyuma anachukua nafasi yake."

Kesho yake Fabiola hakumla askari wa bure. Adamu alingoja, akachoka, akamtoa malkia kwa hasira. Farasi wa Fabiola akamla. Mchezo haukuchukua muda tena.

"Shikamoo," Adamu alinong'ona.

"Sijasikia."

"Shikamoo!" Machozi yalimtoka.

Fabiola alimtazama tu, hakuitikia. Darasa zima lilicheka, naye akaona raha. Adamu alitoka mbio, akaacha ubao na kete zake.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. "Kuanzia leo shikamoo ni ya wakubwa, si ya walioshindwa," alisema. Kisha akamgeukia Fabiola. "Ubaoni umeweza kumwacha wa bure. Huyu aliyekuwa analia mbele yako, mbona hukumwacha?"

Fabiola aliinamia ubao. Alianza kuokota kete moja moja, ampelekee mwenyewe.