Mtego wa Nzi Uani kwa Bibi Buakham

Kaewta alikuwa akifagia uwanja wa bibi yake, siku ya pili ya likizo, pikipiki iliposimama langoni. Akashuka dada asiyemjua, mkononi ana wavu mweusi na mfuko unaonuka hata mbwa wakaamka.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Orawan, nasoma chuo kikuu. Nachunguza nzi."

"Marahaba. Kumbe nzi nao wanasomewa!" Bibi Buakham akacheka. "Basi hapa umefika, mwanangu."

Orawan akaeleza. Katika soko la katikati ya mji wa Chiang Mai alinasa nzi tele, lakini karibu wote walikuwa wa aina moja, wale wakubwa wa kijani. Msituni mlimani alipata aina nyingi. Sasa alitaka kujua hali ya hapa pembezoni, ambapo nyumba mpya zinakula mashamba ya mpunga. Mtego wake wa wavu ungekaa uani siku moja, alfajiri mpaka jioni. Mtu aulinde mbwa wasile utumbo uliooza wa chambo, kisha awatie nzi kwenye spiriti na kuandika ni aina ngapi.

"Nitaulinda mimi," Kaewta akaahidi.

Kesho yake aliulinda mpaka saa sita. Rafiki yake Nui akamwita, wakaenda kufanya mazoezi ya takro, mpira wao wa kupiga kwa miguu juu ya wavu. Aliporudi na Nui, mtego ulikuwa wazi na mtupu.

"Leo mwezi mpevu, siku takatifu ya kutoua, mjukuu wangu," bibi alisema kwa furaha. "Nitoke kusali hekaluni, nikute viumbe wanakufa uani kwangu? Nimewafungulia."

Kaewta akachukua karatasi ya Orawan, bado tupu.

"We naye!" Nui akasema. "Andika aina moja, kama sokoni. Nani atakwenda kuwauliza nzi?"

Kaewta alishika kalamu, akaiweka. Akaomba simu ya bibi.

"Dada Orawan, sina nzi hata mmoja. Bibi aliwafungulia, lakini kosa ni langu. Niliondoka. Nusura niandike aina moja."

"Asante kwa kusema kweli. Ungeandika aina moja, ningeamini mji umeshawafukuza wengine hapo. Nami ningewaambia watu wengi, nao wangeniamini. Usiandike kamwe usichokiona, mdogo wangu. Lakini nimebakiwa na Jumamosi tu."

Jumamosi ilikuwa fainali ya takro. Kaewta alikuwa mchezaji wa timu.

"Niachie mtego. Safari hii siondoki."

"Jumamosi si siku takatifu," bibi akanung'unika. "Nitajikaza."

Siku hiyo gari la timu lilipita likipiga honi. "Mlinzi wa nzi!" wenzake walimzomea. Machozi yalimlenga, lakini hakuinuka. Aliwafukuza mbwa kwa fimbo mpaka jua likashuka.

Jioni Nui alipita, uso umemshuka. "Tumefungwa. Pointi mbili tu, Kaewta."

Kaewta alifuta macho, akainamia sahani na kuwatenga nzi mmoja mmoja: wa kijani, wa buluu, wa kahawia. Kisha akaandika: *Aina saba. Moja siijui.*