Magwangala Chini ya Gunia

Kila siku Skolastika akitoka shule, kitu cha kwanza alichokisikia kabla hajafika nyumbani kilikuwa nyundo ya mama yake. Ko, ko, ko, kisha kimya, kisha kikohozi. Siku hizi kimya kilikuwa kirefu kuliko sauti ya nyundo.

Alivua sare, akaitundika msumarini, akajifunga kipande cha kanga puani na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yao lilikuwa fungu la mawe yaliyotolewa kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji katika kilima cha Kemesanga, wilayani Butiama. Zamani watu wa hapo walitafuta dhahabu tu, na jiwe lenye madoa ya kijani walilitupa. Baadaye ilijulikana kwamba ule ukijani ni shaba, walanguzi wakaanza kuja na malori. Tangu baba yake Skolastika afukiwe na kifusi duarani, mama yake, Matrida, aliendesha maisha kwa kugonga mawe hayo, kuchagua vipande vya kijani na kutupa mawe matupu, ambayo huko huitwa magwangala.

Vumbi la mawe lilikuwa jepesi kama unga. Liliingia kwenye maji ya kunywa, kwenye daftari na kifuani.

"Mama, pumzika. Nitamalizia mimi."

"Umalizie wewe? Na hesabu za mwalimu atamalizia nani?" Matrida alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alipoitoa leso mdomoni aliikunja haraka, lakini Skolastika alikuwa ameshaona doa jekundu.

Alishika nyundo. Hakujua afanye nini kingine.

Mwezi ule kulikuwa na tumaini moja tu kijijini. Kikundi cha wanawake wagonga mawe, ambacho Matrida alikuwa mwenyekiti wake, kilipata mnunuzi mpya. Hakuwa mlanguzi. Kilikuwa kiwanda cha kusafishia shaba humu humu nchini, nacho kilimtuma mtaalamu wake, Bwana Ephraim, kuongea na akina mama katika ukumbi wa kigango, kanisa dogo la kijiji. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti. Alitoa mfukoni kipande cha waya, akakichuna ganda, na ndani pakang'aa wekundu.

"Mama zangu, waya huu umetoka wapi?"

"Dukani Musoma!" alijibu Bibi Jeska, mjane mzee kuliko wote kikundini. Watu wakacheka.

"Na kabla ya dukani?"

Akakiinua kipande kile juu wote wakione.

"Umetoka kwenye mawe kama haya yenu. Dunia inaanza kuacha mafuta ya petroli. Pikipiki za umeme, mitambo ya jua, mitambo ya upepo, vyote vinakula shaba. Lakini jiwe lenu linaondoka hapa likiwa kokoto, linarudi likiwa waya, na faida inabaki huko katikati ya safari. Sisi tunataka hiyo katikati ya safari iwe hapa nchini. Na sehemu yake iwe hapa Kemesanga."

Akaeleza kwamba magunia ya kwanza yakionekana safi, kiwanda kitaleta mashine inayotumia umeme wa jua. Mashine hiyo husaga mawe ndani ya maji, kwa hiyo haitoi vumbi. Matrida aliposikia neno hilo alishika kifua chake kwa kiganja. Skolastika, aliyekuwa akichungulia dirishani, alimwona.

"Masharti yangu ni mawili," Bwana Ephraim aliendelea. "Gunia liwe safi toka juu hadi chini. Na asiwepo mtoto anayegonga mawe. Wanaonunua shaba yetu siku hizi wanauliza jiwe limetoka wapi, na nani aliligonga. Nikimkuta mtoto na nyundo, nafunga mkoba wangu."

"Mtoto agonge mawe?" alisema Debora, katibu wa kikundi, mwanamke mwenye maneno mengi. "Hapa kwetu hamnaga kitu hicho, bwana."

Akina mama wote walitazama sakafuni.

Kila mmoja alitakiwa kuleta gunia moja. Siku ya mwisho ilipofika, gunia la Matrida lilikuwa halijafika hata nusu. Alikuwa amelala ndani, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Skolastika alisimama uani, akatazama gunia, akatazama mlango. Mama yake ndiye mwenyekiti. Gunia lake likikosekana, watasema nini? Na mashine isipokuja, kifua kile kitapona wapi?

Ndipo alipokumbuka walivyozoea kufanya. Walanguzi walikuwa wakidai lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka likavimba na kushonewa wavu juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Nao akina mama walilipiza kwa namna yao: magwangala chini, kijani juu. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema huko ni kuiba.

Skolastika alimwaga mawe ya kijani kando, akajaza magwangala kwa beleshi, kisha akarudisha ya kijani juu yake. "Bwana Yesu, ni kwa ajili ya mama," alinong'ona, akaifupisha sala kama mtu asiyetaka kusikia jibu. Mama alipouliza, alimwambia amegonga yaliyobaki.

Magunia yote yalipelekwa kwenye stoo ya Bibi Jeska, maana ndiyo pekee iliyokuwa na mlango wa bati na kufuli. Hakuna gunia lililoandikwa jina.

Alhamisi Bwana Ephraim alirudi. Alitandika turubai, akaanza kumwaga gunia moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa safi. Lililofuata pia. Matrida alikuwa amesimama kando yake akitabasamu. Kisha likamwagwa gunia ambalo juu lilikuwa la kijani, na chini likatoa mawe ya kijivu, matupu, yakabingirika mpaka kwenye viatu vya mtaalamu.

Hakugomba. Hilo ndilo lililotisha. Aliokota jiwe moja, akalitazama, akaliweka chini taratibu.

"Kiwanda kinayeyusha kile kinacholetewa," alisema. "Nikiwapelekea hili wataniuliza mimi, na watakuwa na haki. Kesho naenda Bunda. Kuna kikundi kingine kinasubiri mashine."

Gari lilipoondoka, Debora alimgeukia Bibi Jeska. "Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi umetuua!"

"Debora, nimezeeka, sijachanganyikiwa. Hayo mawe mazuri niyaibe niyapeleke wapi, niyapikie uji?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Siku hiyo hiyo waliamua kumtoa kikundini. Matrida alijaribu kuwazuia, lakini kikohozi kilimkata maneno. Skolastika alikuwa nyuma ya ukuta wa stoo. Alisikia yote, na miguu yake haikumpeleka mbele.

Kesho yake shuleni, Esta, binti wa Debora, alimfuata wakati wa mapumziko.

"Umesikia? Yule bibi tumempa jina jipya. Bibi Magwangala!"

"Msimwite hivyo."

"Kwani ni bibi yako? Mama anasemaga mwizi ni mwizi hata akiwa na mvi."

Skolastika alitaka kusema. Akakumbuka kikohozi cha mama, akageuka kurudi darasani. Kama angesema, mama yake angetolewa kikundini. Na yote yangejulikana: kwamba yeye, mtoto wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa akigonga mawe. Usiku aliomba, lakini kila akifumba macho aliyaona yale mawe ya kijivu yakibingirika.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Bibi Jeska. Kila wiki waumini wa mtaa ule walikutana katika nyumba ya mmoja wao, na haikuwa kawaida mtu kukosa. Bibi Jeska alikuwa amefagia uwanja mpaka udongo ukang'aa. Alikuwa ametandika mikeka yote aliyokuwa nayo, na mingine aliyoazima. Katikati aliweka kimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba na maua ya manjano ya porini.

Waliofika ni Matrida, Skolastika na mzee Wenceslaus, kiongozi wa jumuiya. Walingoja. Barabarani walipita wanawake wa kikundi wakiwa na ndoo vichwani, wakatazama upande mwingine.

"Labda wamechelewa," alisema Bibi Jeska. Alisogea akaunyoosha mkeka ambao haukuwa umekunjamana.

Mzee Wenceslaus alisoma Injili, kisha akakaribisha maombi. Matrida aliwaombea wagonjwa. Wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Bibi Jeska akasema, "Namwombea huyo aliyeweka magwangala. Huenda alikuwa na shida kubwa kuliko yangu."

Hakuna aliyeweza kuitikia, kwa sababu Skolastika alikuwa ameanza kulia kwa sauti.

"Ni mimi, bibi! Ni gunia letu. Mama alikuwa amelala, mimi nikajaza. Mama hajui. Ni mimi!"

Matrida alimtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Skolastika alingojea kofi. Badala yake mama yake alipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya Bibi Jeska.

"Mama, nisamehe. Ametenda mtoto, lakini aliyemfundisha ni mimi. Amekuwa akiniona nikiwafanyia walanguzi."

"Inuka, Mama Skola, utakohoa bure hapo chini," Bibi Jeska alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Na wewe mjukuu wangu, njoo. Shida ilikuwa kubwa kweli."

Mchana Matrida aliita kikundi, akasema yote. Debora aliruka juu.

"Sawa, gunia tumesikia. Lakini ukimwambia Ephraim kwamba mtoto aligonga mawe, tumekwisha wote! Sisi sote watoto wetu wanagongaga. Acha tu ijulikane ni Jeska, yeye hana mtoto shuleni."

"Kwa hiyo mashine ije kwa kukanyaga mgongo wa Jeska?" aliuliza Matrida.

Debora akaketi tena.

Jumatatu Matrida, Bibi Jeska na Skolastika walipanda gari la asubuhi kwenda Bunda. Walimkuta Bwana Ephraim nje ya nyumba ya wageni akipakia vifaa vyake. Matrida hakuficha kitu. Alieleza habari ya gunia, na ya Bibi Jeska, na ya ndoo ile iliyopinduliwa ambayo mtoto alikalia kila jioni.

Bwana Ephraim alimsikiliza mpaka mwisho. "Hili la pili ni baya kuliko la kwanza, mama. Gunia naweza kulimwaga upya. Mapafu ya mtoto siwezi. Na nisingejua kamwe. Kwa nini umeniambia?"

Matrida alitaka kujibu, kikohozi kikamkamata, akaegemea ukuta. Skolastika akasema yeye, bila kuinua macho:

"Kwa sababu Bibi Jeska alitandika mikeka, na watu hawakuja."

Mtaalamu alipakia kifaa cha mwisho garini. "Sitoi ahadi," alisema mwishowe. "Mpelekeni huyu mama hospitali leo. Siyo kesho, leo." Akafunga mlango wa gari akaondoka.

Bibi Jeska alirudi kijijini, nao wawili wakaenda hadi Musoma. Daktari alipiga picha ya kifua, akasema vumbi limekwaruza mapafu. Dawa zitatuliza kikohozi na kuzuia damu, lakini palipokwisha kuharibika hapatarudi, na Matrida asikae tena karibu na vumbi la mawe. Njiani kurudi, Skolastika aliushika mkono wa mama yake na kusali bila maneno.

Kijijini, hata hivyo, walikuta jambo. Debora alikuwa amefungua stoo, magunia yote yamemwagwa uwanjani, na akina mama wanayachambua upya wakiwa wamelowesha mawe kwa maji ili yasitoe vumbi. Watoto hawakuwepo. Kwenye kila gunia safi palikuwa na jina lililoandikwa kwa rangi. Gunia la Matrida lilikuwa limejaa, kila mmoja alikuwa amechangia kiganja chake.

"Usinitazame hivyo, Mama Skola," Debora alisema. "Nimewarudisha watoto wote shule. Esta nimemtuma akamwombe bibi msamaha, na mimi nitakwenda mwenyewe."

Siku zilipita bila habari, wakaanza kukata tamaa. Ndipo siku moja, saa za masomo, bila taarifa, Bwana Ephraim akaja. Alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta nyundo ndogo. Alikwenda shuleni akahesabu watoto madawatini. Akamwaga magunia, moja baada ya jingine, yote kijani hadi chini. Alichukua simu, akapiga kiwandani.

Mashine ilipokuja, Skolastika alirudi kutoka shule na kusimama njiani akisikiliza kama alivyozoea. Hakusikia nyundo. Alisikia maji yakichuruzika, na mngurumo mzito, na sauti ya Bibi Jeska, msimamizi mpya wa stoo, akimtania mtu. Mama yake alikuwa ameketi mbali na mawe, kwenye mizani, akiandika uzito. Alikohoa mara moja, akanywa maji.

"Mama, hivi kweli alirudi kwa sababu tuna shaba?"

"Shaba iko nchi nyingi, mwanangu." Matrida alimsogezea kigoda. "Dunia itaendelea kuitafuta, na watakuja wengi kuichukua. Tukiiuza ikiwa kokoto, tutabaki na mashimo na vifua vibovu. Tukiisaga na kuisafisha wenyewe, na ninyi mkasoma mkajua zaidi yetu, itatufaa. Lakini hata hiyo mashine haina kazi kama mtu hawezi kuamini gunia letu. Mawe, Mungu alishayaweka kilimani. Uaminifu ametuachia tuuweke wenyewe ndani ya gunia, kuanzia chini."

Skolastika aliinamisha kichwa. Mama akamgusa shavu.

"Haya, nenda kamalizie hesabu zako. Hizo hakuna mashine ya kukusagia."