Kishindo Anapokea Wageni

Sogeeni hapa, watoto. Hadithi hii inaanza vibaya, lakini msiondoke.

Nakiete aliishi milimani na baba yake, bibi yake na mbwa wao, Kishindo.

Kwao, mgeni habebi mzigo wake mpaka mlangoni. Mtoto humpokea njiani.

Kwa hiyo kila hodi ilipopigwa, Nakiete alikimbia. Tu-tu-tu-tu! Kishindo naye nyuma yake. Ta-ra-ra-ra!

Siku moja Bibi alirudi kutoka sokoni na kapu la ndizi. Nakiete akakimbia kumpokea. Kishindo akampita, akaruka. Puu!

Bibi akaanguka. Mkono wake ukavunjika.

Bibi akalazwa hospitali. Nyumba ikapoa. Hata uji haukuwa na ladha.

Baba hakufoka. Afadhali angefoka.

"Bibi anarudi Jumamosi," alisema. "Siwezi kumrudisha kwa mbwa anayeangusha watu. Jumapili Kishindo anakwenda kwa mlinzi wa kiwanda cha mbao. Atafungwa mnyororo."

Nakiete alilia mpaka pua ikaziba. Kishindo akamlamba machozi. Maskini, hakujua lolote.

Kisha akaamua kumfundisha Kishindo asiruke watu. Jirani yao, Mama Sifueli, akakubali kuwa mgeni wa kujifunzia. Alisimama kwenye ua wa masale, ile mimea ya majani marefu, na kapu tupu, akapiga hodi.

Nakiete akakimbia huku akipiga kelele. "Taratibu, Kishindo! Miguu minne chini!"

Kishindo alidhani ni mchezo. Puu! Kapu likabiringika.

Mama Sifueli akarudi kwenye ua, akapiga hodi tena. Puu! Akarudi tena. Puu!

Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Na ya pili pia.

Siku ya tatu Mama Sifueli alikung'uta vumbi kwenye kanga yake. "Mwanangu," alisema, "anayeanza kukimbia ni nani?"

Nakiete akaitazama miguu yake mwenyewe. Aliona aibu, tena aibu kubwa. Kishindo alikuwa amefundishwa kukimbia, na mwalimu wake alikuwa yeye.

Basi akatembea. Hatua moja. Akasimama.

"Taratibu, Kishindo. Miguu minne chini."

Kishindo akamtazama. Akaketi. Akapewa kipande cha muhogo.

Hatua nyingine. Kishindo akaruka! Mama Sifueli akageuka, akarudi kwenye ua. Wakaanza upya.

Wakafanya hivyo Alhamisi. Wakafanya hivyo Ijumaa, mpaka muhogo ukaisha.

Jumamosi Bibi akaja na Baba. Mkono wake ulikuwa umefungwa plasta. Alipomwona Kishindo, akasimama palepale.

Nakiete alitamani kukimbia amkumbatie. Lo, alitamani sana. Lakini akatembea. Hatua moja. Hatua mbili.

"Taratibu, Kishindo," alinong'ona. "Miguu minne chini."

Kishindo akaketi. Mkia wake ulipiga ardhi. Pwa, pwa, pwa. Lakini hakuruka.

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wenye kifurushi. "Nipokee, mjukuu wangu."

Nakiete akakipokea kwa mikono miwili.

Bibi akashusha mkono wake mzima, polepole. Kishindo akaunusa. Miguu minne chini.

"Bado namwogopa," Bibi alimwambia Baba. "Lakini kesho haendi popote."

Jumapili jioni Kishindo alikuwa amelala mlangoni. Bibi alipokwenda kulala, alimzunguka kwa mbali kidogo, akamwambia usiku mwema.